Cornell mbili juu ya kilima kimoja

Machi 2009 mtangazaji wa televisheni wa Marekani, Keith Olbermann, aliketi mbele ya kamera akiwa na cheti chake cha chuo kikuu, akakiinua watazamaji wakione. Mtu mzima wa miaka hamsini, mwenye kipindi chake na jina lake, anaonyesha cheti kama kijana anayetafuta kazi ya kwanza. Kilichomfikisha hapo ni safu ya Ann Coulter, mwandishi wa mrengo wa kulia ambaye walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Coulter aliandika kwamba Olbermann akijisifu kuwa amesoma Cornell anawapoteza watu, kwani hakusoma Cornell yenyewe, ile ya Ivy League. Alisoma ile nyingine, ya serikali, ya kilimo. Hapo akamkejeli kwa wimbo wa watoto wa mzee mwenye shamba na wanyama wanaolia.

Wote wawili ni wahitimu wa Cornell. Olbermann alimaliza 1979 akisomea mawasiliano upande wa kilimo, Coulter akamaliza 1984 akisomea historia upande wa sanaa na sayansi. Waligombana kwa ajili ya siasa, ila kejeli yenyewe Coulter hakuitunga. Ilikuwapo chuoni tangu kabla hawajazaliwa, na mpaka leo kijana akidahiliwa Cornell hakosi mtu wa kumuuliza kwa jicho la pembeni: umeingia upande gani?

Swali hilo linahitaji maelezo kidogo, hasa kwetu. Afrika Mashariki mzazi akisikia "chuo cha serikali" mara nyingi anafurahi, na akisikia "binafsi" anauliza kwanza kama kinatambuliwa. Marekani mizani hiyo imelala upande wa pili. Vyuo vinane vya Ivy League, ambavyo kisheria si chochote zaidi ya ligi ya michezo iliyofungwa kwa makubaliano ya 1954, vyote ni vya binafsi, na jina la ligi limegeuka kuwa jina la utukufu. Cornell imo humo pamoja na Harvard na Yale. Lakini ndani ya Cornell kuna sehemu nne zilizoanzishwa kwa sheria za Bunge la Jimbo la New York na zinazopokea fedha za jimbo hilo kila mwaka. Ni kama ukute ndani ya jumba la tajiri kuna vyumba vinne ambavyo hati yake ya nyumba inasema vilijengwa na halmashauri.

Vyumba hivyo niviite ndaki, kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinavyoziita sehemu zake kubwa. Ndaki nne za jimbo ni ya Tiba ya Mifugo, ya Kilimo na Sayansi za Viumbe, ya Ikolojia ya Binadamu, na Shule ya Uhusiano wa Viwanda na Kazi, ambayo kila mtu pale huiita ILR. Zilizobaki, kama Sanaa na Sayansi, Uhandisi, Usanifu Majengo na Sheria, huendeshwa kwa ada na kwa mfuko wa wakfu, yaani mali iliyotolewa na wafadhili ikawekezwa ili faida yake itumike daima. Lugha yetu imebahatika kuwa na neno wakfu, maana ndilo hasa linalotakiwa hapa: kuna ndaki za wakfu na kuna ndaki za jimbo. Wenyewe siku hizi wanapenda kuziita hizi za pili ndaki za mkataba. Zamani waliziita ndaki za kisheria, na nadhani jina lilibadilishwa kwa sababu "mkataba" linasikika kama biashara ya watu wawili waliokaa sawa mezani.

Watu wengi husimulia jambo hili kana kwamba palikuwa na chuo cha matajiri, kikakaa, kisha serikali ikakibandika ng'ombe wake ubavuni. Historia inasema kinyume.

Mwaka 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, Rais Abraham Lincoln alitia sahihi Sheria ya Morrill. Sheria hiyo iliyapa majimbo ardhi ya umma, ekari 30,000 kwa kila seneta na kila mbunge wa jimbo katika bunge la taifa, ili iuzwe na fedha zake ziendeshe vyuo vya kufundisha kilimo na ufundi bila kuacha elimu nyingine. New York ilikuwa na wajumbe 33. Piga hesabu: karibu ekari 990,000, mgawo mkubwa kuliko wa jimbo lolote. Kwa kuwa New York haikuwa na ardhi ya taifa ndani ya mipaka yake, ilipewa hati za kwenda kuchagua ardhi kwingineko. Majimbo mengi yalizitupa hati zao sokoni kwa pupa, bei ikaanguka mpaka senti hamsini na kitu kwa ekari.

Ezra Cornell hakuwa mtu wa pupa. Huyu alikuwa fundi aliyetajirika kwa nyaya za simu ya maandishi, na alikuwa seneta katika bunge la jimbo. Alitoa dola 500,000 na shamba lake juu ya kilima cha Ithaca, akashirikiana na seneta mwenzake, Andrew Dickson White, kuishawishi New York ikipe chuo kipya ruzuku yote ya ardhi. Hati ya kuanzishwa ilisainiwa Aprili 1865, masomo yakaanza Oktoba 1868. Kisha Cornell akazishika hati za ardhi badala ya kuziuza zote, akazitumia kuchagua misitu ya misonobari huko Wisconsin, akasubiri bei ya mbao ipande. Alifariki 1874 watu wengine wakimwona ameingiza chuo hasara. Mwishowe misitu ile ilizaa zaidi ya dola milioni 5, fedha nyingi kupindukia kwa wakati ule. Ardhi yenyewe, tusisahau, ilikuwa imenyang'anywa wenyeji wa asili kwa mikataba ya nguvu na ya hila, na katika vyuo vyote vilivyoneemeka na sheria ile Cornell ndiyo iliyopata fungu nene kuliko vyote.

Kwa hiyo mfuko wa wakfu unaojivuniwa na upande wa "binafsi" ulinona kwa ardhi ya umma. Na haikuwa zawadi ya bure. Hati ya 1865 ilikitaka chuo kimpokee bila ada mwanafunzi mmoja kila mwaka kutoka kila wilaya ya uchaguzi ya jimbo. Magavana wa New York, spika wa bunge la jimbo na kiongozi wa seneti ni wadhamini wa Cornell kwa nyadhifa zao hadi leo. Mtu anayesema serikali imejiingiza Cornell amefika kwenye mchezo kipindi cha pili.

Ndaki za jimbo zilizaliwa moja moja. Tiba ya Mifugo ilitangulia, kwa sheria ya 1894, ingawa somo lenyewe lilikuwapo tangu chuo kinafunguliwa, likifundishwa na Mskoti James Law. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwa Daniel Salmon, aliyepata Cornell mwaka 1876 shahada ya kwanza ya udaktari wa mifugo kutolewa Marekani. Bakteria wa salmonela wana jina lake.

Iliyofuata ndiyo inayonivutia zaidi, na watu wengi hawaijui kwa sababu ilikufa. Mwaka 1898 jimbo lilianzisha Cornell ndaki ya misitu, ya kwanza ya aina yake nchini, likamweka Bernhard Fernow aiongoze na likampa ekari 30,000 za msitu katika milima ya Adirondack afanyie majaribio. Fernow alikuwa mtaalamu wa shule ya Kijerumani. Alitaka kuonyesha kwamba msitu unaweza kuvunwa, kupandwa upya na kujilipia. Akaingia mkataba na kampuni ya kutengeneza mapipa, akaanza kukata miti migumu ili apande misonobari. Bahati mbaya, jirani na msitu ule, kando ya ziwa Saranac, matajiri wa New York walikuwa na nyumba zao za kupumzikia. Hawakupenda kuona kilima kimenyolewa wala kunusa moshi. Wakalalamika, wakaenda mahakamani, na mwaka 1903 Gavana Benjamin Odell akaifuta bajeti ya ndaki. Ikafungwa mara moja. Miaka mitano tu, basi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na walimu wa Cornell waliisoma methali hiyo kwa lugha yao.

Ajabu ni kwamba Odell huyohuyo, mwaka uliofuata, alisaini sheria ya kuanzisha ndaki ya kilimo pamoja na dola 250,000 za majengo. Vyuo vya binafsi vingine vya jimbo, Syracuse ikiwa mbele, vilipiga kelele: kwa nini fedha ya walipa kodi iende kwa chuo kimoja cha binafsi? Swali la haki, na halijawahi kujibiwa vizuri. Aliyeshinda hoja ni Liberty Hyde Bailey, mtaalamu wa mimea aliyekuwa na uwezo adimu wa kuzungumza na mkulima na mbunge kwa sentensi ileile. Mei 1905, siku ya kuvunja ardhi, wanafunzi walivuta plau kwa kamba wao wenyewe, Bailey akiishika. Sherehe za vyuo huwa zinanichosha, lakini hii ningependa kuiona.

Ikolojia ya Binadamu ilianza jikoni. Mwaka 1900 Martha Van Rensselaer aliitwa kuandaa masomo ya kusomwa nyumbani na wake wa wakulima, na kijarida chake cha kwanza kilihusu namna ya kupunguza hatua anazotembea mama jikoni kwa siku nzima. Flora Rose akajiunga naye 1907. Mwaka 1911 wawili hao wakawa miongoni mwa wanawake wa kwanza kupewa uprofesa kamili Cornell, baada ya mjadala usiopendeza sana kati ya wanaume. Mwaka 1925 kazi yao ikawa ndaki ya jimbo ya uchumi wa nyumbani. Ilikuwa na nguvu na ilikuwa na vituko: kwa miongo kadhaa wanafunzi walilea kwa zamu watoto wachanga halisi, walioazimwa kutoka vituo vya yatima, kama sehemu ya somo. Jina la sasa lilikuja 1969. Mmoja wa maprofesa wake, Urie Bronfenbrenner, alikuwa kati ya waasisi wa Head Start, mpango wa serikali ya Marekani wa kuwaandaa watoto wa familia maskini kabla ya shule.

ILR ndiyo kitinda mimba: 1945, wazo la mbunge Irving Ives aliyetaka mahali ambapo watu wa vyama vya wafanyakazi na watu wa menejimenti wangefundishwa chini ya paa moja. Paa lenyewe kwa miaka ya mwanzo lilikuwa la mabati, vibanda vilivyobaki baada ya vita. Frances Perkins, mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika serikali ya taifa ya Marekani, alifundisha hapo kuanzia 1957 mpaka alipofariki 1965.

Sasa, nani anamiliki nini? Hapa ndipo wengi hupotea, na wanasheria hupata chakula chao. Chuo Kikuu cha Jimbo la New York, kinachojulikana kwa kifupi SUNY, kiliundwa 1948, na ndaki nne zikawekwa chini ya mwavuli wake kwa mambo ya bajeti. Fedha za jimbo hupitia huko. Majengo yaliyojengwa kwa fedha hizo ni ya jimbo. Mkuu wa ndaki huteuliwa na wadhamini wa Cornell, lakini wadhamini wa SUNY sharti waridhie. Walimu, hata hivyo, ni waajiriwa wa Cornell. Udahili, mitihani na nidhamu ni vya Cornell, na shahada inatolewa na Cornell, haitolewi na SUNY. Mwanafunzi wa kilimo na mwanafunzi wa falsafa wanalala mabweni yaleyale na wanakaa madarasa yaleyale. Kwa miaka mingi ndaki za jimbo zilikuwa zinazilipa ndaki za wakfu kwa kila mwanafunzi wao aliyevuka uwanja kwenda kusoma somo la upande wa pili. Kiswahili, kwa mfano, hufundishwa Cornell upande wa wakfu. Anayesomea udongo akija kujifunza "hujambo", nyuma yake kulikuwa na karatasi ya malipo.

Mahakama nazo zimeshindwa kuipa kitu hiki jina moja. Mwaka 1999, katika kesi dhidi ya ndaki ya mifugo, Mahakama ya Rufaa ya New York, iliyo ya juu kabisa jimboni, ilisema kumbukumbu za nidhamu za ndaki si nyaraka za serikali ambazo raia anaweza kuzidai, kwa kuwa nidhamu ni kazi ambayo sheria imekiachia chuo binafsi. Mwaka 2005 mtu mwingine akadai nyaraka za ndaki ya kilimo kuhusu utafiti wa bioteknolojia. Mahakama ileile ikapasua jibu katikati: zinazoonyesha fedha za umma zilivyotumika, apewe, zinazohusu utafiti wenyewe, asipewe. Yaani kitu kimoja kinaweza kuwa cha umma kwenye daftari la hesabu na cha binafsi kwenye maabara. Naona uamuzi huo ni wa kweli kuliko maneno yote ya wanaotania na wanaojitetea.

Turudi basi kwenye hadhi. Wanaodharau ndaki za jimbo hudai tatizo ni fedha za serikali: si ya binafsi, kwa hiyo si Ivy. Dai hilo unaweza kulipima, kwa sababu historia ya Cornell imetuachia majaribio matatu.

La kwanza ni Tiba ya Mifugo. Ni ndaki ya jimbo ya zamani kuliko zote, inakula fedha ya serikali tangu 1894, na imejaa ng'ombe kihalisi. Kwa kejeli ya Coulter, hii ndiyo ingestahili matusi yote. Lakini huwezi kumkuta mtu akimwambia daktari wa mifugo wa Cornell kwamba hakusoma Cornell yenyewe. Ndaki hiyo hukaa karibu na kilele katika orodha za Marekani, na waombaji huililia.

La pili ni Shule ya Hoteli. Hii ni ya wakfu, haina senti ya jimbo. Na bado kwa miaka mingi ilitaniwa kuliko hata kilimo: eti mnasomea kutandika vitanda na kuonja mvinyo. Ukifuatilia asili yake unacheka. Ilianza 1922 ndani ya uchumi wa nyumbani, ikajitenga 1950 na kuvuka kwenda upande wa binafsi. Utani ulivuka nayo. Ingekuwa shida ni mlipaji, utani ungebaki ng'ambo.

La tatu ndilo lenye ladha. Katika ndaki ya kilimo kulikuwa na idara ya uchumi wa kilimo, ya kufundisha watoto wa wakulima kupanga bei ya maziwa na tufaha. Polepole ikageuka kuwa ya biashara kwa jumla, na mwaka 2010 ikapewa jina la Dyson baada ya ufadhili mkubwa wa familia yenye jina hilo. Leo ipo kwa pamoja kati ya kilimo na ndaki ya biashara, na imekuwa miongoni mwa milango migumu kuliko yote ya Cornell kwa kijana anayetoka sekondari. Miaka kadhaa imepokea chini ya waombaji watano kati ya mia. Ardhi ileile, sheria ileile ya 1904, ruzuku ileile. Kilichobadilika ni kwamba wahitimu wake sasa wanaelekea Wall Street.

Kwa hiyo fedha za serikali hazina harufu. Chenye harufu ni maziwa, jiko, shuka na kofia ya mfanyakazi wa kiwandani. Ndaki za jimbo zilipewa makusudi yale masomo ambayo mabwana wakubwa waliona si ya kisomi: ya mkulima, ya mama wa nyumbani, ya kibarua. Na zilijaza wanafunzi kutoka nyumba hizo. Mwanafunzi wa mwaka 1930 aliyecheka ndaki ya kilimo hakuwa anacheka bajeti ya jimbo. Alikuwa anacheka viatu vya mwenzake.

Bei nayo imechangia. Mkazi wa New York akidahiliwa ndaki ya jimbo hulipa ada pungufu: mwaka wa masomo 2023/24 ilikuwa chini kidogo ya dola 44,000, wakati upande wa wakfu ilizidi 65,000. Elfu arobaini na nne si bei ya karanga popote duniani, lakini watu huamini rahisi ni ghali, na bidhaa moja ikiuzwa bei mbili, wa bei ya juu lazima ajisadikishe kwamba cha kwake kina kitu cha ziada. Nairobi waliona sinema hiihii ikichezwa kinyumenyume. Vyuo vikuu vya umma Kenya vilipoanza mwishoni mwa miaka ya 1990 kupokea wanafunzi wa kujilipia, wale wa "parallel", waliolipa zaidi ndio waliotaniwa: wamenunua nafasi, alama hazikutosha. Kule anayelipa pungufu ndiye mshukiwa, huku anayelipa zaidi. Katika nchi zote mbili walikaa darasa moja na kufanya mtihani mmoja.

Sitaki kuwatetea mpaka niwe mwongo. Kejeli ina punje ya ukweli. Mwombaji wa Cornell hachagui chuo tu, anachagua ndaki, na kila ndaki huchuja kwa ungo wake. Mchujo wa kilimo huangalia kama kweli unataka udongo, mimea au wadudu, na kuna wajanja wanaojifanya wanapenda udongo ili waingie, kisha wanajaza ratiba yao uchumi na siasa. Ndaki za jimbo pia hupokea wahamiaji wengi kutoka vyuo vya jamii vya New York, vijana walioanza miaka miwili chuo cha karibu na nyumbani. Wenye wivu huita huo mlango wa nyuma. Mimi nauona ndio mlango wa mbele wa sheria ya 1862, ila nakubali kwamba aliyeingia kwa kushindana mwaka wa kwanza anaweza kuuona tofauti.

Somo la Olbermann lenyewe linaeleza mambo. Mtangazaji wa michezo na siasa ametokaje kilimo? Ndaki ile ilikuwa na wajibu wa ugani, wa kupeleka matokeo ya utafiti kwa wakulima, na bwana shamba asiyejua kuandika makala fupi wala kuzungumza redioni hana kazi. Wakaanzisha mafunzo ya mawasiliano kwa ajili hiyo, yakakua mpaka yakawavuta waliotaka utangazaji bila jembe. Kile Coulter alichokiona kichekesho kilikuwa tu ugani uliotoka nje ya shamba.

Na ugani huo umefika mbali. Barbara McClintock, mtaalamu wa jeni, alichukua shahada yake ya kwanza katika ndaki ya kilimo mwaka 1923, akabaki kusoma mahindi mpaka udaktari 1927. Nobel ilimfikia 1983. Kwenye kituo cha utafiti cha Geneva, mji wa jimbo la New York, kilichounganishwa na Cornell 1923, ndiko kulikotokea aina za tufaha zinazouzwa duniani. Na kuanzia 2012 watafiti wa ndaki hiyo wameongoza mradi wa kuharakisha uzalishaji wa mbegu bora za mihogo kwa kusoma jeni zake, wakishirikiana na vituo vya Nigeria na Uganda, baadaye na Tanzania pia. Mkulima wa Kanda ya Ziwa aliyeona shamba lake limeliwa na batobato na michirizi ya kahawia hana habari kama maabara iliyochangia mbegu yake ni ya wakfu au ya jimbo.

Fungu la jimbo lenyewe linapungua. Kwa miongo sasa sehemu ya bajeti ya ndaki hizi inayotoka serikalini imekuwa ikisinyaa, pengo likizibwa na ada, wafadhili na fedha za utafiti kutoka taifa. Kadiri linavyosinyaa, ada ya "bei nafuu" nayo inapanda kuelekea ile nyingine, na ndaki ya jimbo inazidi kufanana na jirani yake wa wakfu kwa kila kitu isipokuwa hati ya jengo.

Kwa kijana wa Mbeya au Kisumu anayefikiria kuomba, jambo moja la mwisho kuhusu hiyo bei. Punguzo ni la wakazi wa New York peke yao. Mgeni akiingia kilimo, ILR au Ikolojia ya Binadamu hulipa ada sawa na wa Sanaa na Sayansi, dola kwa dola, na msaada wa fedha kwa wanafunzi wa nje ni mchache na wa kugombaniwa pande zote mbili. Atalipa bei ya Cornell ya binafsi, atasoma kwenye jengo la serikali, na siku akirudi likizo kuna mtu atamuuliza umeingia upande gani.